Tambara la Nne

Nilikuwa kwenye duka langu la ushonaji, nashona kola ya sare ya shule, simu ilipoita. Alikuwa fundi rejeta, anayeziba matangi ya maji ya kupozea injini, jirani wa baba pale gereji, mtu ambaye hata akikusalimia utadhani anagombana na mtu aliye ng'ambo ya barabara. Siku hiyo sauti yake ilikuwa ndogo.

"Binti, njoo hospitali. Nilipita kwenu kuazima koleo, nikamkuta baba yako ameketi chini, ameegemea tairi. Nimemleta mimi."

"Anaendeleaje?"

Nyuma yake nikasikia kitanda cha magurudumu kikisukumwa.

"Njoo tu, mwanangu. Usikimbie."

Nikajua. Mgonjwa akiwa hai, hakuna anayekuambia usikimbie. Nilitoa kitambaa chini ya sindano, nikakata uzi, nikafunika cherehani, yote polepole kama nilivyoambiwa. Nilifika mlangoni. Nikashika fremu ya mlango nikasema, "Bwana, mpokee mtumishi wako. Na mimi nipe nguvu ya kufika." Akanipa. Nilifika.

Baba alikuwa fundi wa magari, na wengi waliomjua hawakulijua jina lake. Walimwita Tambara. Wageni walidhani ni kwa sababu ya nguo zake za kazi, lakini jina hilo lina historia yake, na kwa kuwa yeye mwenyewe aliisimulia kila mara akicheka, naona si vibaya nami niisimulie.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ndoa yao. Mchungaji wa wakati ule alileta gari lake, baba akafungua manifodi, lile bomba lenye matawi linalopeleka hewa na petroli ndani ya injini. Likishatoka hilo, mashimo ya injini yanabaki wazi, na nati moja ikiteleza ikaingia humo umejitafutia balaa. Kwa hiyo fundi huziba mashimo kwa matambara. Baba aliziba, akafanya kazi yake, akafunga kila kitu, akasahau tambara moja ndani. Tambara likajibana pembeni, gari likaondoka vizuri; Jumapili mchungaji akawasha gari mbele ya kanisa, watu wakiwa wanatoka ibadani. Injini ikakohoa, ikapiga kishindo, ikazima. Ilipofunguliwa, kilichotolewa humo ni kipande cha pazia chenye maua mekundu, na mama akakitambua palepale mbele ya washarika.

"Kumbe ndiyo maana dirisha langu liko uchi!"

Baba akasimama mbele ya mchungaji, kofia mkononi. "Mchungaji, nisamehe. Nimelilisha gari lako pazia."

Mchungaji alicheka mpaka akashika ukuta. Baba akaifungua injini yote upya na kuirudisha vizuri. Lakini fundi rejeta, ambaye wakati huo alikuwa kijana mwenye mdomo mrefu kuliko sasa, alimpokea gereji kwa maneno haya: "Wewe si fundi. Wewe ni tambara." Jina likaganda. Baba hakulikataa. Aliliandika mwenyewe kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa pikapu yake: FUNDI TAMBARA.

Tangu siku ile alikuwa na namna yake. Matambara ya kuzibia mashimo aliyafunga yote kwenye kamba moja, kila moja kwa fundo lake, na ncha ya kamba akaifunga kwenye ndoano ya boneti. Boneti haikuweza kufungwa bila kamba ile kukuning'inilia usoni. Nilipoanza kazi ya ushonaji nilimwambia, "Baba, nikushonee kabisa kwenye utepe, yasichomoke." Akakataa. "Tambara lina kazi nyingi, mama. Acha niweze kulifungua nikalifua." Basi nikawa nampelekea mabaki ya vitambaa vya sare, ya kijani, naye akayafunga kwa mafundo yake.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya bluu na ilinizidi umri. Aliipata ikiwa chuma chakavu katika karakana alikojifunzia kazi, akaifufua kipande kwa kipande. Mama aliiita mke mwenza. Jioni akimwona baba amechelewa kule nyuma ya nyumba chini ya banda la mabati, alipaza sauti dirishani: "Ukimaliza kumbembeleza mwenzangu, chakula kinapoa!" Baba alijibu, "Huyu hasemi sana kama wewe." Na mama, "Hasemi, lakini anakohoa!"

Ilibeba vinanda vya kwaya, vitanda vya maharusi, wagonjwa, wajawazito. Ilibeba na majeneza. Jirani akifiwa, baba hakungoja kuombwa. Aliiosha, akatandika turubai safi nyuma, akaenda kuiegesha mbele ya nyumba ya msiba na kukaa kimya kwenye benchi na wanaume wengine mpaka ahitajiwe. Zaidi ya mara moja alituambia mezani, "Na mimi siku yangu msinipandishe gari la watu. Huyu ananijua."

"Kwanza hakikisha siku hiyo linawaka," mama alimjibu.

Sasa siku hiyo ilikuwa imefika, na lilikuwa haliwaki.

Wiki chache kabla, pikapu ilianza kupiga mluzi. Ilikosa nguvu kwenye mlima, na ukiiacha ingurume imesimama, ilipanda na kushuka kama mtu anayehema. Baba aliniita nione. Alimwagia maji kidogo pale manifodi inapokutana na injini, na mara muungurumo ukatulia. Maji yalipokauka, ukaanza tena kuyumba. "Unaona? Inavuta hewa ya wizi," akasema. "Hapa katikati kuna gasketi, karatasi ngumu tu ya kuziba. Imeungua. Injini inadhani inapumua kwa mdomo, kumbe ina tundu ubavuni." Asubuhi ya Jumatano alifungua manifodi akaiweka juu ya meza ya kazi, akaziba mashimo, akaanza kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani. Hapo ndipo Mungu alipomwita.

Mazishi yalipangwa Jumamosi. Alhamisi jioni wanandugu walikaa sebuleni, na baba mdogo, mdogo wake wa mwisho, akatangaza kuwa gari la kanisa limekwisha kuombwa na limekubaliwa.

"Baba mdogo," nikasema, "baba alisema abebwe na pikapu."

"Mwanangu, pikapu imefunguliwa utumbo. Nani ataifunga?"

"Mimi."

Watu walitazama chini. Shangazi yangu akakohoa. Baba mdogo alinijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionichoma zaidi. "Msiba si mahali pa majaribio. Unataka kaka yangu akwame barabarani watu wakitazama? Aliyeitwa Tambara maisha yake yote, hata siku ya kuzikwa achekwe?"

Hapo mama akainua kichwa. "Mwacheni ajaribu."

Baba mdogo akashusha pumzi. "Haya, shemeji. Lakini kesho jua likizama gari halijawaka, mjadala umekwisha. Ni gari la kanisa."

Ijumaa baada ya sala ya asubuhi nilivaa ovaroli ya zamani ya baba, nikakunja miguu ya suruali, nikaenda bandani. Nilikuwa nimekua nikimpa spana, najua kila moja kwa sura na jina, lakini manifodi sijawahi kuifunga kwa mkono wangu. Fundi rejeta alinikuta nimeinama juu ya injini.

"Nimekuja kusaidia," akasema. "Ila nikuambie mapema, mimi ni mtu wa maji. Mambo ya hewa yalikuwa ya baba yako."

"Basi shika kikwanguo. Mungu atatusaidia kwa hiyo hewa."

Tulikwangua taratibu, maana kichwa cha injini ile ni cha aluminiamu, na aluminiamu ukiichimba umeiachia hewa njia nyingine. Baba alikuwa amefanya zaidi ya nusu. Mahali alipoishia palionekana wazi: upande mmoja uling'aa kama sarafu mpya, upande wa pili ulikuwa mweusi. Nilianzia hapohapo. Nilipopitisha rula ya chuma juu yake na kuona hakuna mwanga unaopenya chini, nilimshukuru Mungu kwa sauti, na fundi rejeta akasema amina bila kuinua kichwa.

Shangazi akaja nyuma, mikono kiunoni. Kule mbele wanawake walikuwa wanaimba.

"Mwenzetu, msiba uko mbele, wewe uko huku unajipaka grisi?"

"Shangazi, na huku pia ni msibani."

"Mtoto wa kike wa marehemu anakaa na wageni, halii kwenye injini."

"Silii, shangazi. Nikilia sitaona nati."

Akanisogelea. Kisha akanifunga vizuri kitambaa changu cha kichwa kilichokuwa kinaanguka. "Kinywaji nakuleteeni hapahapa," akasema, akaondoka.

Gasketi ya gari la umri ule haipatikani kirahisi madukani, na baba alizikata mwenyewe kutoka kwenye karatasi maalumu aliyoiweka imeviringwa juu ya kabati. Niliweka manifodi juu ya karatasi, nikachora kwa penseli, nikachukua mkasi. Fundi rejeta akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

"Hiyo si sketi, fundi cherehani! Baba yako alikuwa anagonga."

Ni kweli, nilikuwa namwona. Nikageuza manifodi uso juu, nikalaza karatasi juu yake, nikachukua nyundo yenye kichwa cha mviringo. Unaanza na matundu ya bolti, ukiyapata hayo unayaingizia bolti zikushikie karatasi isihame. Kisha unagongagonga pembezoni, si kwa nguvu, na ukingo wa chuma wenyewe unaikata karatasi. Sauti yake ni ndogo, tiki tiki tiki, na mimi niliisikia utoto wangu wote nikiwa nafanya hesabu za shule jikoni. Kule mbele wimbo ulikatika ghafla. Baadaye nilisikia kwamba mama ndiye aliyeinua mkono watu wanyamaze, akasikiliza.

Gasketi ilipotoka nzima, niliitwa mbele. Mchungaji amefika, anataka kuomba na familia. Nilikwenda na mikono yangu vilevile. Niliporudi, fundi rejeta alikuwa amevuta kamba ya matambara, ameitupa mezani, na amekwisha kupachika gasketi. Tukaweka manifodi. Nikakaza nati kama baba alivyofanya: unaanza katikati, unakwenda nje huku na huku, mzunguko wa kwanza kwa vidole, wa pili kwa spana kidogo, wa tatu ndipo unakaza kweli. Ukianzia pembeni, chuma kinabinuka katikati na kazi yote imekwenda na maji. Tukarudisha kabureta, kile kinachochanganya petroli na hewa, tukaunga bomba la petroli na waya wa gesi unaotoka kwenye pedali ya mwendo.

"Tafuta ufunguo," fundi rejeta akasema akijifuta jasho. "Baba mdogo wako leo atakula maneno yake."

Kabla ya kwenda kuuliza ufunguo nilichukua kamba ya matambara niining'inize kwenye ndoano yake. Nikayapitisha mkononi. La kijani, la kijani, la kijani. Fundo la nne lilikuwa tupu.

"Mzee. Ulipovuta kamba yalitoka mangapi?"

"Yalitoka yote."

"Haya ni matatu."

"Basi yalikuwa matatu."

"Mashimo ni manne."

Akaja, akaishika kamba, akaisogeza karibu na macho. "Labda moja lilichakaa akalitupa."

"Ulichungulia shimoni kabla ya kufunga?"

Aliirudisha kamba mezani. "Mwanangu, macho yangu siku hizi yana ukungu. Nilivuta kamba. Kamba ikija, tambara limekuja, ndivyo alivyokuwa akisema yeye." Akaketi juu ya tairi. "Lakini fikiri. Jua limeshageuka. Tukifungua, ile gasketi imebanwa, itachanika. Utakata nyingine, na karatasi iliyobaki ni ya moja tu. Tuwashe. Pengine hakuna kitu."

"Na kama kipo?"

"Kama kipo…" Sote wawili tulijua. Lingeweza kujibana kama lile la kwanza, limezwe kesho, baba akiwa nyuma amelala, mbele ya kanisa lilelile, na watu wangesema hata kufa kwake ni kwa tambara.

Nilimwomba Mungu anipe jibu, na sikusikia sauti yoyote. Nikachukua spana.

"Tunafungua."

"Unafungua kazi safi!"

"Baba angefungua."

Fundi rejeta akanung'unika kwamba ukaidi ni ugonjwa wa ukoo, lakini aliinuka akashika upande wake. Gasketi ilichanika kama alivyosema, nusu ikabaki huku na nusu kule. Nilimulika shimo la kwanza, tupu. La pili na la tatu, tupu. La nne nalo lilikuwa tupu, lakini mwisho wake niliona valvu, mlango wa kuingilia ndani kabisa, imefunguka kidogo, na nyuma yake giza. Nikaweka spana kubwa kwenye nati ya puli, gurudumu la mkanda mbele ya injini, nikazungusha injini kwa mkono, polepole, huku fundi rejeta akiingiza waya uliopindwa ncha. Hatukupata hata uzi.

Baba mdogo alitokea kwenye kona ya nyumba. Akaona manifodi juu ya meza na gasketi imechanika. "Mmerudi nyuma?"

"Tumerudi nyuma ili twende mbele, baba mdogo."

"Jua liko pale," akasema akinyoosha kidole, wala hakuwa na hasira. Akakaa kwenye benchi, akakunja mikono, akatazama.

Nikakwangua tena. Nikalaza kipande cha mwisho cha karatasi. Sasa mkono wangu ulikuwa mzito, na kila nilipogonga nilisema kimoyomoyo, Bwana nishike, Bwana nishike, mpaka maneno yakaenda sawa na nyundo. Tundu la bolti la mwisho lilikuwa karibu sana na ukingo, nikagonga kidogo kidogo. Karatasi haikuchanika. Safari hii nilichungulia mwenyewe kila shimo, nikamwita fundi rejeta achungulie, na hata baba mdogo nikamwita, akainama na tai yake akachungulia. Ndipo tukafunga. Katikati kwenda nje, mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Lakini moyo wangu haukutulia. Tambara halikuwa shimoni, halikuwa sakafuni, halikuwa kwenye ndoo ya takataka. Tulikuwa tumetafuta kote.

"Ufunguo," nikamwambia baba mdogo. "Mama anajua ulipo."

Mama alijua. Ulikuwa kwenye mfuko wa ovaroli aliyokufa nayo, na ovaroli ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki tuliokabidhiwa hospitali, ambao tangu Jumatano ulikuwa chini ya kitanda umefungwa fundo. Hakuna aliyethubutu kuufungua, na mama hakutaka mwingine aufungue. Tulimngoja. Mwanga ulikuwa umeanza kuwa wa njano juu ya mabati alipotoka mlango wa jikoni, akitembea mwenyewe, amekataa kushikwa. Mkononi alikuwa na ufunguo, na ufunguo ulikuwa umefungwa ndani ya kitambaa cha kijani.

"Hiki kilikuwa kwenye mfuko wa kifuani," akasema. "Kina jasho lake."

Alikuwa amelifungua ajipanguse uso.

Fundi rejeta alilichukua kwa mikono yote miwili. Mtu yule wa kelele alilikunjua, akalikunja tena. Mwishowe akasema, "Hakusahau. Mimi niliyempa lile jina nasema mbele yenu, huyu mtu hakusahau." Akageukia ukuta wa banda.

Niliingia nyuma ya usukani. Mama akasimama mlangoni, akaweka mkono juu ya yale maandishi meupe, akasema, "Haya, mke mwenza. Usiniaibishe." Nikageuza ufunguo. Iligeuka, ikaguna, ikazima. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu petroli ilikuwa imefika, ikashika, ikanguruma. Niliiacha ipate joto nikashuka. Nikamwaga maji kidogo pale kwenye maungio, nikatega sikio. Muungurumo haukubadilika. Haikuwapo hewa ya wizi. Nikamwaga tena upande wa pili, na injini ikaendelea vilevile, sauti moja, kama mtu aliyelala vizuri.

Baba mdogo akavua koti. "Ndoo iko wapi?" akauliza. "Gari la kaka linaoshwa." Aliiosha yeye mwenyewe, matairi na yote, akatandika turubai.

Jumamosi, kabla ya kuondoka, mama alilifunga tambara la nne kwenye fundo lake lililokuwa tupu, na kamba nikaining'iniza ndani ya boneti. Baba alivalishwa suti ya harusi ya kaka yangu, aliyekuwa amefika usiku kutoka mbali, maana ya kwake ilikuwa imembana miaka mingi. Wanaume wa gereji walimbeba hadi nyuma ya pikapu. Mimi niliendesha. Mama alikaa kando yangu, Biblia mapajani, na fundi rejeta alikaa nyuma na baba, mkono juu ya jeneza, asije akatikisika kwenye mashimo ya barabara. Tulikwenda gia ya pili njia nzima. Kwenye mlima wa kanisa niliongeza gesi kidogo, ikapanda bila mluzi.

Mchungaji kijana aliongoza ibada. Kwaya iliimba, na sauti ya besi, alikokuwa akiimba baba, ilikuwa na pengo, ingawa baba hakuwahi kuishika besi vizuri. Kisha tukaenda makaburini. Nilizima injini, na ukimya ukaja. Jeneza lilishushwa kwa kamba. Mchungaji akaomba, sote tukaitikia. Mama alitupa udongo wa kwanza, kisha mimi, kisha kaka yangu, kisha baba mdogo na shangazi. Fundi rejeta alitupa wa kwake akasema, "Kwaheri, fundi," akasogea pembeni. Wanaume wakachukua majembe wakafukia mpaka kaburi likajaa, likasawazishwa, msalaba ukasimikwa. Tukaweka maua. Mchungaji akatoa baraka, na watu wakaanza kutoka.